Ijumaa za Sita Manjano

Jana nilienda shuleni kwa binti yangu, hapa Nakuru, kuuliza kwa nini wamemhamishia darasa la wale wa polepole. Mwalimu wake akanijibu kwa upole, "Mama, usijali. Huko hasumbuliwi na hesabu nyingi. Wanamwagilia bustani ya shule, na anafurahia sana."

Anafurahia. Hilo neno lilinichoma, kwa sababu hata mimi nilifurahia.

Wacha nikwambie. Kule Kuresoi nilikosomea, darasa letu la sita liligawanywa makundi mawili: Kijani ya wenye akili, na Manjano, yetu sisi wengine. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, githeri ya mahindi na maharagwe, Kijani walibaki wakifanya hesabu, sisi tunabeba majembe hadi shamba la mwalimu wetu kumchimbia viazi, waru tulivyoviita. Na ilikuwa raha, sidanganyi. Udongo baridi kwenye vidole, moshi wa majani makavu, zile waru ndogo tukizizika kwenye jivu na kuzila na maganda yake, midomo myeusi kama sufuria. Mwalimu alituita "jeshi langu." Nyanya akiuliza matope ya yunifomu yametoka wapi, namjibu kwa maringo kwamba mwalimu amenichagua. Nilimpenda yule mtu kama baba.

Halafu fomu wani, wiki ya kwanza, mwalimu wa hesabu akaandika hesabu za sehemu ubaoni, nusu na robo. Msichana niliyekaa naye alikuwa ametoka Kijani ya shule yetu. Alimaliza kabla sijaandika tarehe.

"Hizi mlifunzwa lini?" nikamuuliza.

"Si ni zile Ijumaa, nyinyi mkiwa kwa waru." Akacheka. "Na vile tulikuwa tunawaonea wivu, mkipita mkiimba."

Nilimaliza sekondari nikinakili hesabu za wenzangu. Mwalimu yule hakuwahi kunichapa wala kunitusi. Afadhali angenitusi, ningejua mapema. Alinichekea, nikamshukuru, na sasa hata utamu wa siku zile siwezi kuuamini.

Kwa hivyo jana sikutoka kwa ile ofisi hadi binti yangu akarudishwa. Alilia njia nzima, ati nimemtoa kwa marafiki zake, ati mimi ni mbaya. Simlaumu. Mtu angenitoa Manjano wakati ule, ningemchukia, na leo ningekuwa natafuta kwake nikamshukuru.

Hakuna aliyekuja.