Jiliwa la Bei ya Kati

Siku ya kwanza kazini niliingia, nikatoka mbio. Nilikuwa nimesikia kuna nafasi ya kutengeneza nzi, nikacheka nikijua ni utani wa watu wa mjini. Kufungua mlango, nyuma ya duka la vitenge hapa Mpanda, namkuta mama mtu mzima ana mkia wa ng'ombe mkono mmoja na ngozi ya jogoo, manyoya yakiwa juu yake, mkono wa pili.

"Wewe! Unakimbia nini? Rudi, hatuchinji watu hapa!"

Huyo ndiye Mama Kulwa, mwalimu wangu wa kazi. Naandika haya kama mstaafu, ingawa thelathini sijafika, na nyie wadogo zangu mnaruhusiwa kucheka. Lakini kazi nimeifanya, nimeiacha, na niliyoyaona mle ndani bado yananishangaza.

Kazi yenyewe ni kufunga chambo cha manyoya. Unachukua ndoano, unaizungushia uzi, unafungia humo manyoya ya jogoo na nywele za mkia wa ng'ombe mpaka kitu kinafanana na dagaa anayekimbia. Wageni wanaokuja kuvua ziwani Ikola kwa fimbo nyembamba wanakiita nzi, hata kiwe na umbo la samaki. Mimi na darasa la saba langu nilibaki mdomo wazi. Sangala, samaki mkubwa vile, anadanganywa na kuku!

Nilianzia kwenye kuchambua manyoya, laini huku, magumu kule. Nikapandishwa kwenye uzi. Mwisho nikapewa vichwa, yaani fundo la mwisho karibu na tundu la ndoano, na hapo ndipo Meneja alipoanza kuniita fundi. Meneja zamani alikuwa anatembeza watalii mbugani, na chumba kilikuwa chake. Wafungaji tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Kulwa.

Sasa, ndoano lazima ibanwe na kitu ili mikono yote miwili ibaki huru. Kitu hicho ni jiliwa, wengine wanasema vaisi, kama lile la gereji lakini dogo, refu kama kiganja. Sisi hatukuwa nalo. Tulikuwa na plaizi iliyofungwa mezani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mikono yetu ikazoea hivyo: shika ndoano kwa ncha ya chuma, kaza kwa nguvu zote ulizopewa na Mungu.

Asubuhi moja Meneja akarudi kutoka Ikola. Hakusalimia. Nikamwamkia, "Shikamoo Meneja," akafungua kiganja. Kimejaa vyambo vyetu, vizuri, vyenye rangi zake, ila ndoano zote zimevunjika pale zinapopinda.

"Mgeni wangu amelia," akasema. "Mwanamume mzima, ndani ya boti. Sangala wa maisha yake kaondoka na nusu ya ndoano."

Mama Kulwa akaipeleka moja dirishani. "Mayu wane, mama yangu! Angalieni hapa. Alama za meno."

Yalikuwa meno ya plaizi. Kila chambo nilichokifunga kwa mapenzi, nikakibusu kabla ya kukitia kwenye boksi, nilikuwa nimeshakijeruhi kabla hata uzi haujagusa.

Meneja akaagiza Dar majiliwa matatu ya kujaribu, tusilolitaka lirudi. Yalipofika akaniita nje.

"Pendo, wewe ndiye unaangalia video za hivi vitu. Utachagua. Ila nisikilize. Hili la bei ya chini lina meno kama plaizi yako, sitaki kuliona. Hili kubwa linazunguka, linashika kila kitu, lakini nikilinunua ni moja tu, na fundi atabaki mmoja. Wewe bado kijana, utabaki wewe."

"Na la kati, Meneja?"

"La kati naweza mawili. Lakini lisiposhika ndoano ya sangala, sichukui. Aibu nyingine kama ile siiwezi."

Nikarudi ndani nimebeba kazi ya mtu mwingine kwenye mikono yangu. Na niseme ukweli, lile kubwa nilikuwa naliota. Unalisukuma kwa kidole, ndoano inazunguka taratibu, unaona chambo upande wote. Mama Kulwa alilisukuma mara moja, akapiga makofi.

"Hili hili! Hata usihangaike na mengine."

"Mama, hebu tujaribu la kati kwanza."

"Jaribu wewe. Mimi nimeshachagua."

Nikachukua ndoano nene ya sangala, nikaitia kwenye taya za jiliwa la kati, nikakaza. Tukishabana huwa tunavuta tundu la ndoano kwa kucha na kuliachia ghafla. Ndoano nzima iliyoshikwa vizuri inalia na kurudi palepale. Yangu ilichomoka, ikadondoka sakafuni. Nikakaza zaidi, mpaka kiganja kikauma. Ikachomoka tena. Meneja alikuwa amesimama mlangoni.

"Basi, Pendo. Tumeona."

"Bado, Meneja! Naomba kidogo!" Nikaibana ndoano tena.

"Mwache mtoto achukue lile kubwa," Mama Kulwa akasema, anakunja kanga yake. "Mimi nina mahindi yangu Kasokola, yananisubiri."

Mahindi yanahusu nini? Nani amemwambia? Nikamtazama, naye akaangalia ukuta.

"Mabati haya hayana siri, mwanangu. Nilisikia yote."

Alisikia yote, ndipo akapiga makofi. Machozi yalinitoka hapohapo, mbele ya Meneja, na kamasi juu.

"Usinililie hapo, ndoano zitaota kutu."

Nikacheka huku nalia. Nikalegeza skrubu yote, zaidi ya tulivyozoea, nitoe ile ndoano nikubali yaishe. Mama Kulwa akaingiza ukucha kati ya taya.

"Subiri. Huku nyuma pana mfereji."

Kweli, ndani kabisa ya taya palikuwa na kijia kilichochongwa, saizi ya ndoano nene. Sisi watu wa plaizi tulikuwa tunabana kwa ncha tu, kwenye sehemu ya ndoano ndogo. Tukailaza ndoano mferejini, nikarudisha skrubu taratibu, kisha nikashusha mkono wa jiliwa, ule wa kubania, kwa vidole viwili. Nikavuta, nikaachia.

Ting!

Mama Kulwa akafunga uzi, akauvuta. Akavuta tena, ameuma meno. Uzi ukakatika. Ndoano ilikuwa palepale, na tulipoitoa haikuwa na alama hata moja. Meneja mwenyewe akaichukua, akaigeuzageuza juani.

"Mawili," akasema, akatoka nje. Nilimwona anafuta macho kwa mkono wa shati.

Mimi nimeacha kazi kwa sababu nina mtoto mchanga na mume yuko Kasansa na mifugo. Mama Kulwa bado yupo mezani, anamfundisha msichana mwingine aliyekaa kwenye kiti changu. Vijana wenye ndoto kama zangu wananiuliza wakitaka kuanza wanunue jiliwa gani. Nawaambia taya ziwe laini, ziwe na mfereji wa ndoano nene, skrubu ijibu vidole na isidai misuli, na kitako kisitikisike mezani. La kuzunguka ni zuri, sikatai, bado naliota.

Lakini kabla ya hayo yote nawauliza swali moja, nao hunishangaa kama nimechanganyikiwa: nyie hapo mezani mko wangapi?