Mkataba Niliouogopa Bila Kuusoma

Siku ile siisahau, mwanangu, maana ndiyo niliyotia saini jambo nisilolijua. Nilikuwa mwalimu kijana pale Zinga, nimeandika riwaya ya wanawake wa mashamba ya chumvi, na Mzee Seif, mchapishaji wa Bagamoyo mjini, amekubali kuichapa. Alinikaribisha kwake, nikaletewa kahawa na halua, kisha akanisogezea mkataba wa kurasa nne. Sisi tulilelewa hivyo: mtu mzima aliyekukirimu akikupa karatasi, kuisoma mbele yake ni kumwambia humwamini. Nikaona haya. Nikatia saini, hata nakala yangu sikuiomba.

Kitabu kilitoka, kikasomwa, kikaisha. Mzee Seif akafariki, Mungu amrehemu, na mitambo ikauzwa.

Mwaka jana akanipigia mwalimu mmoja wa Mkange. Ana nakala moja tu ya kufundishia, katikati imenyofoka kurasa, na wanafunzi wanamwuliza Mwanaisha, yule shujaa wa riwaya yangu, aliokokaje. Yeye mwenyewe hajui. Akaniambia siku hizi waandishi wanavirudisha vitabu vyao vilivyoadimika, vinasomwa kwenye simu, kwa bei isiyomwumiza hata mtu wa kijijini. Akauliza mimi nangoja nini.

Nikamjibu nitaangalia. Uongo mtupu. Nilijua nimetia saini, sikujua nimesaini nini. Je, kama kitabu si changu tena? Je, watoto wa marehemu wakinipeleka mahakamani na uzee huu? Miezi ikapita, simu ya yule mwalimu ikiita naiacha iite mpaka inyamaze. Nami mbele za watu najifanya jasiri, usinione hivi.

Mwishowe nikajikaza kisabuni, nikaenda kwa Bi Zuwena, binti yake Mzee Seif, anayeuza vifaa vya ujenzi. Tulipomaliza kujuliana hali nikaeleza shida yangu. Akaingia ndani, akakawia, nikadhani anampigia wakili. Akarudi na faili la baba yake.

"Soma hapa, mwalimu," akasema.

Nikasoma. Kitabu kikikosekana madukani miaka miwili, haki zote zinarudi kwa mwandishi, akiomba tu kwa barua.

"Baba alikuwa akikuulizia mpaka anaumwa," akasema taratibu. "'Yule binti wa Zinga, mbona haleti barua?' Aliona haya kukukumbusha, usije ukadhani anakufukuza."

Nililia pale pale, katikati ya mabati na misumari. Barua niliiandika siku ile ile, na wiki iliyopita kitabu kilianza kusomwa kwenye simu. Nilipompigia mwalimu wa Mkange, akaniambia darasa lile limeshamaliza shule, watoto wametawanyika. Hajui atawapata wapi awaambie Mwanaisha alifika salama.

Basi, mwanangu, ukipewa karatasi isome hapo hapo, hata anayekupa awe baba yako mzazi, na uondoke na nakala yako. Na kama una kitabu kilichopotea madukani, kaulize haki zako leo, ukirudishe, na bei uipange ukimfikiria mwalimu wa kijijini. Usikae na hofu miaka yote kama mimi, kuna mtu anakusubiri na hawezi kusubiri sana. Mola akufungue kinywa uulize mapema, na kazi ya mikono yako iwakute wenye kuihitaji wangali wapo. Amina.