Mkwezi wa Maneromango Agawa Minazi Angali Hai

Hakuwa na shamba, hakuwa na mahari, hakuwa na mnazi hata mmoja, wala hakujua kusoma. Alikuwa na panga na kamba ya miguuni. Ndivyo Kitwana bin Zahoro alivyoanza kazi ya ukwezi mwaka 1926, akiwa na miaka ishirini na miwili.

Leo, mwaka 1952, jua linapochomoza, yuko juu ya mnazi wake mwenyewe, Maneromango, anaangua nazi. Chini ameketi baba yake, Mzee Zahoro, anamwelekeza kama vile shamba ni lake.

Zamani Mzee Zahoro alikuwa na minazi tisini Kisarawe. Kitwana alipotaka kuoa alimwomba mitano tu. Akajibiwa kwamba mali hugawanywa mwenyewe akishazikwa.

"Nikamuuliza, 'Baba, nikae nikungoje ufe?' Akanifukuza," anasimulia.

Alikwenda kijiji cha Janga, akaazimwa pahala pa kulima mihogo. Huko akakosea: alipanda miche mitatu ya minazi. Mwenye ardhi akaing'oa siku ile ile, kwani anayepanda mnazi kesho hudai na ardhi.

Akarudi kukwea minazi ya watu kwa ujira wa nazi mbili kila mnazi. Wenzake waliuza zao. Yeye alikula moja, akaotesha moja, nao wakamcheka wakimwita Baba Machipukizi. Mama yake mdogo, Biubwa, ndiye aliyempa pori Maneromango. Leo lina minazi mia mbili na kumi na minne.

Minazi ya Mzee Zahoro iliteketea kwa moto wa pori mwaka 1941. Kitwana alimfuata kwa miguu, akamleta kwake.

Mwezi uliopita mwanawe Salehe, kuli wa bandarini Dar es Salaam, alimwandikia kuwa anataka kuoa, naye akaomba minazi. Barua iliishia hivi: "Au nikae nikungoje ufe?"

Kitwana, aliyejifunza kusoma darasa la jioni akiwa na miaka arobaini, aliisoma mara tatu. Mkewe, Siwema, akamwambia, "Swali hilo si geni humu ndani, bwana."

Ijumaa, mbele ya mwalimu wa msikiti na mashahidi wawili, alichanja alama minazi arobaini ya bondeni, iwe hiba ya Salehe. Majirani walimtania kwamba sasa ataomba dafu kwa mtoto.

"Nitaomba," akawajibu. "Atanipa huku ananicheka. Hilo ni bora kuliko anililie kaburini na tumbo lina njaa."

Ndipo Mzee Zahoro akaguna. Minazi ya bondeni ina nazi zenye nyama nyembamba, alisema. Mjukuu wake asipewe makapi, apewe ile ya mashariki.

Kitwana akachukua panga, akaanza upya kuchanja alama upande wa mashariki.

Mwakani ni zamu ya binti yake, Mwanamvua. Lakini kwanza barua: "Mwanangu, njoo uangue nazi zako. Babu yako ndiye aliyekuchagulia." Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akamkabidhi dereva wa lori la Kisarawe aitie posta. Lori likaondoka.