Vidole Vitatu Kwenye Picha

Ninyi wajukuu wangu, na watoto wa wenyewe mtakaosoma haya, simu zenu zimejaa picha na kuta zenu ni tupu. Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hivyo sitazunguka. Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka hata nisipotaka, na nitawapa kama ilivyokuwa.

Mpiga picha mmoja alikuwa akipita kwetu Seme na baiskeli. Mume wetu akamwita atupige: yeye kwenye kiti, mimi mke wa kwanza kushoto, mke mwenzangu kulia. Huyo tulimwita Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kwa kuwa alitoka huko. Alikuwa ameolewa miezi michache tu, na aliweka mkono begani mwa mzee kana kwamba alifika pale kabla yangu. Picha iliporudi imeoshwa, nilichukua makasi nikamkata, nikamtupa kwenye moto wa kupikia. Vilibaki vidole vyake vitatu begani. Kuvitoa ningemkata na mzee.

Mama mkwe aliniona. Hakupiga kelele. Alisema, "Umemchoma huyu wa karatasi, na yule mwingine yuko njiani anakuletea maji. Iko siku utamtafuta huyu wa karatasi, na hutampata." Nilimcheka moyoni. Mwanangu, usimcheke mtu mzima anayesema polepole.

Maisha ndiyo yalitupatanisha, si akili yangu. Tulimzika mzee pamoja, tukaanika omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja. Lakini Nyar Uyoma hakukubali picha tena. Mtu akitoa simu, anajifunika uso na leso. "Ngojeni kwanza, mke mwenzangu amekuja na makasi?" Watoto walicheka bila kujua wanacheka nini. Mimi pia nilicheka. Wakiniuliza vile vidole ni vya nani, nilisema ni vya jirani.

Mara moja tu binti yake, Akinyi, alimvizia kwenye omena akampiga picha akicheka, mdomo wazi. Akaituma kwa grupu ya familia. Baadaye simu ya Akinyi ilitumbukia ziwani kule Port Victoria alipokuwa akinunua samaki. Mwaka jana Nyar Uyoma akatuacha.

Mwaka huu Akinyi amejifungua msichana, akampa jina la mama yake, kama tunavyofanya. Akaniambia, "Mama Mkubwa, mtoto lazima amjue mwenye jina. Nataka picha kubwa, ikae ukutani pale kwangu Migosi." Tukaenda studio mjini na mtoto, na ile picha ya grupu.

Mwenye studio, mama mmoja mchangamfu, aliifungua kwenye kompyuta akaikuza. Uso wa Nyar Uyoma ukawa vipande vipande kama sakafu ya vigae.

"Mama, hii imepita kwa grupu, imepunguzwa. Ile yenyewe iko wapi?"

"Iko ziwani," Akinyi akasema.

"Basi samaki wanaiona vizuri kuliko sisi. Ngojeni, kompyuta itamtengeneza."

Ikamtengeneza kweli. Ngozi laini, macho yanang'aa, na meno yote mdomoni. Mwanangu, Nyar Uyoma aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, kwa mila, kama sisi wengi wa rika letu. Akicheka, unamjua kwa lile pengo hata akiwa mbali.

"Huyu ni nani?" Akinyi akauliza.

"Si ni mama yako? Na vile amependeza!"

"Mama yangu hakuwa na hayo meno. Futa."

Akafuta. "Basi nileteeni ya zamani, ya karatasi. Hata ikiwa imechakaa nitaiskani, itatoka kubwa vizuri. Hamna hata moja?"

Akinyi akanigeukia polepole. "Mama Mkubwa. Ile yako na Baba. Vile vidole."

Ningeweza kusema tena ni vya jirani. Nikasema, "Ni vya mama yako. Nilimkata mimi, nikamchoma."

Hakunitukana. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza leso, akamwambia mwenye studio, "Toa ndogo basi. Ile ambayo sura haiharibiki." Nikaomba na mimi nitolewe moja. Zilitoka ukubwa wa kiganja. Pengo la meno ni doa dogo jeusi, lakini ni yeye. Tangu siku hiyo Akinyi ananisalimia kwa heshima, na hiyo heshima ni baridi. Sijui kama nitakufa kabla haijapata joto.

Sasa sikieni. Picha unayoipenda, ioshe kwenye karatasi wakati simu iliyoipiga bado iko mkononi mwako. Ukimpelekea mwenye studio, itume kama faili au uibebe kwenye flashi, si kama mnavyotumiana vichekesho. Ikiwa haikubali kukuzwa, chukua ndogo. Usikubali kompyuta ikupe mtu mwingine ukamlilia. Nyuma yake andika jina kwa penseli, maana sisi tunaojua majina tunaisha. Na kama ulimkosea mtu kwa wivu, waambie watoto wake wewe mwenyewe, usingoje waje kukuuliza mbele ya mgeni. Mimi nilingoja.

Mungu awape muda wa kutazamana mkiwa hai. Aipoze mikono yenu pale moyo unapowaka. Na watoto mnaowapa majina yetu, awape sura za kuyajaza.

Nyumbani kwangu nimeagiza hivi: ile nusu picha yangu na mzee itolewe ukutani, Nyar Uyoma awekwe upande wa kulia, penye vidole vyake, sote watatu ndani ya fremu moja. Wameniambia hazitatoshea. Tafuteni fremu kubwa zaidi. Makasi asiyaguse mtu.