Pasipoti Ndani ya Mchele

Aibu hii naieleza mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa wengine.

Mjukuu wangu Salma, anayesoma chuo hapa Minneapolis, alibandika karatasi kwenye friji: "Himeji, siku mbili. Matsumoto, usiku mmoja. Hikone, nafasi ikipatikana." Kila jina lina moyo mwekundu pembeni. Nikahesabu wanaume watatu, wote Wajapani, na tiketi ya huko keshakata! Sikumuuliza. Nilichukua pasipoti yake nikaizika kwenye pipa la mchele.

Siku ya safari Salma alipindua nyumba nzima huku analia. Baba yake, mwanangu Athumani, akaja mbio kutoka Apple Valley. Nikamkabidhi ile karatasi.

"Wanaume watatu, na wewe umekaa tu!"

Athumani akasoma, akacheka hadi akakaa chini. "Mama, hizi ni ngome za kale. Kama ile yetu ya Mombasa. Anakwenda kuzitazama."

"Mawe?"

"Mawe na mbao, Mama."

Alhamdulillahi! Nilishusha pumzi niliyoibana wiki nzima. Lakini Salma alishafuta machozi, ananitazama.

"Bibi, pasipoti yangu iko wapi?"

Nikapandisha mkono wa dera, nikaelekea jikoni.