Nilisema Nimezima Kamera

Nimekosa mimi. Si Hamad, si mtandao, si wale vijana wa barzani. Ni mimi, na nimechoka kujifanya kama sijui yalianzia wapi.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Mimi hata salamu naitoa chinichini mpaka watu wanadhani nina kiburi. Nimezoea kujiandikia mwenyewe nikajisomea mwenyewe. Leo nakuandikia wewe usiyenijua. Afadhali wewe.

Nasoma kidato cha tatu, huku kusini mwa Pemba, upande wa Mtambile. Mtoto wa ami yangu, nimwite Hamad ingawa si jina lake, ana kikazi chake: anapiga video za harusi, anatengeneza kurasa za mtandaoni za maduka na nyumba za wageni, na vitangazo vya hapa na pale. Ofisi yenyewe ni chumba cha uani kwao, laptopu moja na feni linalolalamika kutwa. Mimi nikitoka skuli namsaidia.

Sasa harusi za kwetu unazijua. Wanaume msikitini, huko anapiga Hamad. Wanawake ndani, na huko hakanyagi mwanamme. Hata simu zinaachwa mlangoni, zinatiwa kwenye beseni, bibi mmoja kazikalia kama kuku na mayai. Mtu anavua buibui, anacheza atakavyo, anacheka atakavyo. Mwenye ruhusa ya kuingia na kamera nilikuwa mimi tu, kwa sababu ni msichana, tena mkimya.

Na kwa sababu ya Bi Mize. Hilo nalo si jina lake. Bi Mize ni somo, yule mama anayemfunda biharusi mambo ya ndoa. Nusu ya wanawake wa kwetu wamepita mikononi mwake. Ana sauti nene, ya kukwaruza kidogo, akicheka unamsikia nyumba ya tatu. Siku ya kwanza nilipofika na kamera wakanizuia mlangoni, yeye ndiye aliyesema:

"Mwacheni apite. Huyu mwanangu. Akiharibu, niulizeni miye."

Jamani! Akiharibu, niulizeni miye!

Siku ya kosa langu ilikuwa mchana, biharusi keshasingwa mwili kwa liwa, mikono imejaa nakshi nyeusi za piko. Bi Mize akakaa mkekani, akapiga makofi.

"Haya, ambao hamjaolewa, nje! Zamu yenu itafika, msiwe na pupa."

Wanawake wakacheka. Akanigeukia mimi.

"Na weye, kidude chako zima."

"Nishazima, Bi Mize."

Nilikuwa sijazima! Niliiweka juu ya kabati, nikaifunika kanga, nikatoka. Ndani ya kanga inarekodi.

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Hamad alikuwa akilalamika kwamba video zetu zote zina nyimbo zilezile za kila mtu, ukurasa wetu haumshitui mtu. Nami nilijua sauti ile ikiwekwa kwenye tangazo hakuna atakayepita bila kusikiliza. Nikajiambia sauti si picha. Sura ya mtu haionekani, basi nimekosa nini?

Nikakaa na laptopu nikaikata klipu vizuri, nisidanganye, ilikuwa nzuri. Picha ni zile nilizopiga kabla ya kutolewa nje: mikono yenye piko. Asumini. Moshi wa udi. Sura hata moja haimo. Na chini yake Bi Mize anasema taratibu: "Mwanangu, akirudi na hasira usishindane naye. Mpe maji, mkalie karibu, mguu wako uguse wake. Ataona haya mwenyewe."

Kulikuwa na mengine makubwa zaidi ya hayo. Hayo niliyaacha, nikajiona mwema!

Hamad alisikiliza, akanitazama.

"Umeomba ruhusa?"

"Nimeomba."

Uongo wa pili. Akaniamini, kwa sababu mimi si msemaji, na watu wanadhani asiyesema hasemi uongo.

Tukaiweka kwenye ukurasa wetu. Ikapokewa! Watu wa Unguja, wa Dar, wa Maskati, kila mtu anasifu, anauliza waliotengeneza ni nani. Mimi ambaye darasani baadhi ya wenzangu hawanijui jina! Nilikwenda skuli siku ile natembea kama nina siri tamu.

Kisha mama akanituma sukari. Bi Mize alikuwa anatoka dukani na kapu lake. Barzani wamekaa vijana. Mmoja akainenepesha sauti yake:

"Mwanangu, mguu wako uguse wake!"

Wakaanguka kwa kicheko. Mwengine akaitikia, "Ataona haya mwenyewe!"

Nilidhani Bi Mize atawakoromea, maana ulimi anao. Wapi! Alijivutia kanga mdomoni akapita. Alinipita na mimi.

Nilifuta klipu ile palepale. Nimefuta nini? Ilikwishahama, iko kwenye simu za watu, kwenye stetasi zao. Hamad alipojua, hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Ulinambia umeomba," akaenda kuwaangukia wazee wa yule biharusi. Mama wa biharusi alikuja kwetu, akasimama mlangoni, hakukubali hata kukaa. "Sisi tulikufungulia chumba," akasema. Basi, akaondoka.

Harusi iliyofuata hapa mtaani, somo alitolewa mjini Mkoani. Bi Mize hata kualikwa kula hakualikwa. Watu wakinong'ona kwamba yeye ndiye aliyenidhamini, pengine alijua.

Mama akanipeleka kwake kuomba radhi. Njia nzima nalia. Bi Mize alitukaribisha vizuri, akatutilia chai, akaniuliza habari za skuli. Ila alikuwa anasema kwa kunong'ona. Mama ikambidi ainame.

"Wasemaje, dada?"

"Nasema nimemsamehe. Mtoto huyu."

"Basi urudi kazini kwako, yatasahaulika."

"Nani atanipa mwanawe?" Hilo nalo alilisema polepole, anaangalia dirishani, kama kuna mtu nje anasikiliza. Nyumbani kwake! Na mumewe marehemu, watoto wameshaolewa, hakuna mtu mle ndani ila sisi.

Nilitaka anigombeze. Nilitamani, wallahi.

Siku hizi napiga video za magodoro na mafriji ya maduka. Hakuna mwanamke anayenifungulia mlango, na wana haki. Hamad bado ananipa kazi, lakini kila klipu anauliza mwenyewe kwa mwenye nayo, mimi nikiwa nimesimama pembeni. Nimechoka. Si kazi iliyonichosha.

Wewe unayeshika kamera, hasa wewe msichana mwenzangu unayeingizwa wanamoingia wanawake tu: ukiambiwa zima, zima! Usifunike, usijitafutie maelezo. Wasioweza kuingia mle ndani ni wengi, na wewe ukitoka na kitu, umewaingiza wote.

Bi Mize kanisamehe. Jana tumekutana njiani, nikamwamkia. Aliitikia. Niliona midomo yake ikicheza tu, sikusikia kitu.