Pilipili Katika Sahani ya Baba Mkwe

Nilijifunza kula pilipili India, nilikopelekwa kusomea uuguzi miaka michache baada ya uhuru. Mwanzoni nililia juu ya sahani. Mpishi wa bweni, mama mnene aliyetafuna tambuu, aliniongezea mchuzi huku akicheka. Hapakuwa na chakula kingine, kwa hiyo nilikula. Ulimi uliungua, ukazoea, kisha ukaanza kudai. Nilipomaliza masomo nilikuwa nang'ata pilipili mbichi kama karanga, na chakula kisichowasha nilikiona cha mgonjwa.

Nilirudi Rungwe na kopo la pilipili kavu, nikaolewa Masoko. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Nikisikia kikohozi chake njiani, niliingia migombani na kugeuza uso. Chakula chake alikipika mama mkwe.

Siku moja mama mkwe alikwenda zamu ya shamba la ujamaa, akaniachia jiko. Mume wangu alikuwa shuleni akifundisha. Nilipika mbalaga, yaani ndizi zilizochanganywa na nyama, nikatia pilipili. Nilionja, nikaona bado haiwashi, nikaongeza. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akapeleka sahani nyumba kubwa, alimokaa baba yake.

Nilisikia sahani ikivunjika, kisha sauti ya mzee. "Sumu! Mwanamke ameniua!"

Shemeji aliingia jikoni na mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilivunja mkono wangu wa kushoto. La pili lilipasua mdomo.

"Umempa nini baba? Sema!"

"Pilipili, shemeji! Pilipili tu! Kamwambie!"

"Mimi si mjumbe wa wachawi. Kamwambie mwenyewe, kama unaweza."

Nje majirani walishafika na fimbo. Mmoja alikuwa akiulizia kamba. Kama wangenifunga, nisingefika jioni. Wa kuwazuia alikuwa mzee peke yake, na huyo ndiye nisiyeruhusiwa kumwona.

Nikakamata chungu kwa mkono mzima, nikakimbia hadi nyumba kubwa. Mzee aliponiona alijifunika blanketi kichwani. Nilikaa sakafuni, nikamgeuzia mgongo, nikala. Pilipili iliingia kwenye kidonda cha mdomo. Nilitafuna ndizi na damu yangu kwa kelele, ili asikie.

Chini ya blanketi mzee aliuliza, "Anakula?"

"Anakula, baba," shemeji alijibu kutoka mlangoni.

"Hicho hicho?"

"Hicho hicho. Anakomba chungu."

Mzee akakohoa. "Basi mpeni maji. Na mimi nipeni."

Kesho yake wazee walikaa. Shemeji hakuulizwa habari ya mkono wangu hata kidogo. Kesi ilikuwa moja: nimeingia alimo baba mkwe. Ndugu zangu walitozwa ng'ombe, wakamleta.

Mkono uliunga ukiwa umepinda. Ndio ninaoshikia kinu ninapotwanga pilipili, zangu peke yangu.